Baba Amesema

Kama kuna kitu kilichonichosha katika miaka minne ya kusoma sayansi za jamii na tabia, si vitabu. Vitabu vinasomeka. Walionichosha ni watu wa mtaani kwetu, watu ninaowapenda, walionifungulia milango, wakanikalisha kwenye kiti kizuri, wakanipa chai ya maziwa, halafu wakanidanganya mmoja baada ya mwingine huku wakinitazama machoni. Na wa kwanza kunidanganya alikuwa mama yangu mzazi.

Nina miaka thelathini na minne. Nimezaliwa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, na nimeolewa hapo hapo Buyenzi, njia ya tatu kutoka kwa mama. Mume wangu anafanya biashara ya vipuri kati ya Bujumbura na Uvira, ng'ambo ya mpaka kule Kongo, maana yake mara nyingi yuko Uvira. Chuo changu ni kidogo, kiko mjini juu ya duka la magodoro, na masomo yanaanza saa tisa mchana ili watu wenye kazi na watoto nao wapate nafasi. Darasani tulikuwa na makarani wa serikali, wauguzi wawili, mchungaji mmoja aliyependa sana kuuliza maswali, na mimi mwenye mtandio, niliyeacha shule nikiwa na miaka kumi na saba na kurudi kumaliza sekondari nikiwa tayari na watoto wawili.

Nasema niliacha kwa adabu tu. Niliachishwa. Siku moja nilirudi kutoka shuleni nikamkuta mama jikoni anakanda unga, na bila kugeuka akaniambia kwamba kuanzia Jumatatu nitabaki nyumbani. Bibi alikuwa amepigwa na kiharusi na alihitaji mtu wa kumwogesha na kumlisha. Nikauliza nani kasema.

"Baba yako amesema," akajibu.

Nilikwenda mbio mpaka gereji alikofanya kazi baba. Alikuwa chini ya gari, inaonekana miguu tu, na mimi nikaongea na ile miguu. Nililia, nikasema maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi, mafundi wenzake wakisikia. Miguu haikusogea kwa muda mrefu. Alipotoka alijifuta mikono kidole kwa kidole, akanitazama, akasema, "Ni vile, mwanangu," akarudi chini ya gari.

Aliishi miaka sita baada ya hapo, na miaka yote sita mimi na baba tulikuwa tunasalimiana tu. Bibi alikufa, nikaolewa, baba akatoa idhini yake kwenye nikaha, na bado hatukuwa na la kuongea. Kabla sijaolewa alikuwa na tabia ya kurudi jioni na magazeti ya zamani, majarida, mara nyingine kitabu kisicho na jalada. Nilidhani ni takataka ambazo wateja huacha chini ya viti vya magari. Anaviweka juu ya friji bila kusema neno, nami asubuhi nachukua, nachana, nawashia jiko. Nilifanya hivyo makusudi, akiwa amekaa pale anakunywa chai yake na kuona. Sijivunii, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Basi, mwaka wa tatu chuoni kila mwanafunzi anatakiwa kuandika tasnifu, ile tunayoiita wote memwari, na kuitetea mbele ya jopo linalokaa mara moja tu kwa mwaka. Kwa sababu walimu ni wachache tuliandika wawili wawili. Mimi nilipewa karani mmoja wa serikali anayekaa Kanyosha, kusini mwa mji, mwanaume mpole, Mkristo, mwenye mkoba wa ngozi na kalamu nne za rangi tofauti. Sikuwa na muda wa kupoteza. Mwaka uliotangulia nilikosa jopo kwa sababu ya kujifungua, nikarudia mwaka, na kituo kimoja cha afya kilikuwa kinatafuta msaidizi wa mambo ya jamii. Mkuu wake, mama mmoja asiyependa maneno mengi, aliniambia nafasi ataishika mpaka mwisho wa Julai. Nikifika na diploma, kazi ni yangu, na nisipofika atamchukua mwingine.

Mada tulichagua sisi wenyewe, tukajiona tuna akili sana: nani anaamua nini ndani ya nyumba. Nani anaamua kununua kitu kikubwa, nani anaamua binti aolewe na nani, nani anaamua mtoto aendelee na shule au abaki. Mwalimu wetu msimamizi, profesa mwenye suti mbili na kikohozi, alitutengenezea karatasi ya maswali, fishi kama anavyosema mwenyewe. Kila swali lilikuwa na visanduku vitatu: mume, mke, wote wawili. Fishi thelathini kwa karani kule Kanyosha, thelathini kwangu Buyenzi, na wa kuulizwa ni wanawake peke yao.

Kabla sijaandika hata mstari wa sura ya kwanza nilikuwa nimeshaandika ukurasa wa shukrani, ule wa mbele. Wengi wanaanza nao, usinicheke. Niliandika kwa Kifaransa kizuri: kwa mama yangu, aliyetaka nisome, hata pale wengine ndani ya nyumba walipokataa. Hao wengine walikuwa mtu mmoja na kila anayetufahamu angemjua. Nilimsomea mama kwa Kiswahili, nikitegemea atafurahi, labda atalia kidogo. Alisema chai inapoa.

Nikaanza kazi. Mtu wa kwanza, kwa heshima, alikuwa mama mwenyewe. Nilikaa naye ukumbini na fishi yangu mpya juu ya ubao, nikasoma swali la kwanza polepole. Vitu vikubwa vya nyumba, nani anaamua kununua?

"Baba yako," akasema.

Nilimkumbusha kwamba baba ana miaka kumi na moja kaburini.

"Najua. Mi ndo nilikaa eda. Andika baba."

Nikajaribu kueleza kuhusu utafiti, kwamba jibu ni la siri, kwamba jina haliandikwi, kwamba sayansi inataka ukweli. Akanisikiliza kama anavyomsikiliza mtu wa kuuza sabuni mlangoni. Akasema nikiandika kwamba anaamua yeye, watu watasema nyumba hii haina mwanaume. Nikamwambia nyumba hii haina mwanaume kweli. Akasema hiyo si sababu ya kuiandika.

Nikajisemea sawa, mama ni mama, kwa wengine itakuwa tofauti. Nikaenda kwa jirani yetu muuza vitenge. Huyu dada, Buyenzi nzima inajua habari zake. Mume wake aliposafiri miezi minne aliuza gari la mume, akanunua kiwanja Kajaga, karibu na wavuvi, na mume aliporudi alipelekwa kukiona na kuambiwa mbele ya shemeji zake wote kwamba hiki ndicho kiwanja alichoamua yeye kununua. Yule bwana alikitazama, akasema ndiyo, akakubali pongezi. Sasa nikamuuliza dada huyu nani anaamua vitu vikubwa. Akatandaza kitenge vizuri magotini.

"Ah, mi sijui mambo hayo. Ni muzee ndo anaamua."

Nikatia alama ya mume. Ningefanya nini? Fishi haina mahali pa kuandika kwamba mhojiwa anacheka ndani kwa ndani.

Ikawa hivyo nyumba kwa nyumba. Mwanamke ambaye mume wake anaomba ruhusa ya kwenda kuangalia mpira: mume anaamua. Mwanamke aliyeozesha binti zake wanne kwa watu aliowachagua mmoja mmoja kwenye sherehe za Maulidi, huku mume akijulishwa tarehe: mume anaamua. Mjane wa pili baada ya mama, na wa tatu: mume anaamua. Ilifika mahali najua jibu kabla sijamaliza swali, na bado natabasamu, nasema ahsante, napokea chai. Nilikunywa chai nyingi mwezi ule mpaka tumbo likagoma. Nyumbani niliwafokea watoto bila sababu, kisha nikafokea redio.

Nilijifariji kwamba Kanyosha kutakuwa na kitu. Kule watu wengi ni Wakristo, wanalima, wanawake wanateremsha mazao yao sokoni wenyewe. Karani akaleta mkoba wake wa ngozi, akatoa fishi thelathini zilizonyooka kama zimepigwa pasi. Zote: mume. Akaniambia kule wanasema kwa Kirundi, "Ni nyen'urugo," yaani mwenye nyumba ndiye anayejua, na baada ya hapo wanauliza kama ameshakula. Alikuwa hana wasiwasi. Alisema matokeo ni matokeo.

Profesa hakuona hivyo. Siku hizo mafuta ya magari yalikuwa yameadimika mjini kama kawaida, kwa hiyo alikuwa haji tena chuoni, anatupokea kwake Musaga, mlimani. Nilingoja basi mpaka nikachoka, nikapanda kwa miguu na fishi zangu kwenye mfuko wa plastiki. Tukakaa barazani kwake. Akapitia fishi moja, tano, kumi, akaanza kuzipitia haraka kama mtu anayehesabu karata. Kisha akavua miwani.

"Hizi mulijaza nyinyi," akasema. "Mulikaa fasi moja, mukajaza zote sitini."

Karani akaapa kwa Mungu. Mimi nilikuwa na hasira. Nilikuwa nimetembea jua lote la mwezi mzima, nimekunywa chai ya kila kikombe Buyenzi, na sasa naitwa mwongo kwa sababu ya uongo wa watu wengine. Profesa akasema binadamu hawafanani hivi, hakuna jopo litakalopokea kitu kama hiki, na hatasaini. Alitupa siku kumi. Baada ya siku kumi sekretarieti inafunga, na tutasubiri jopo la mwaka ujao.

Akiwa bado anatusomesha maadili ya utafiti, mlango wa uani ukagongwa. Mke wake akaenda kufungua. Alikuwa mama mmoja wa kanisani kwao, amekuja kuuliza kama harusi ya mdogo wake inaweza kufanyiwa hapo uani kwao Jumamosi. Mke wa profesa akamshika mikono, akamwambia kwa Kirundi na kwa huruma yote kwamba yeye angependa sana, lakini mzee amekataa, mzee hapendi watu wamharibie maua yake. Nilitazama uani. Palikuwa na pipa la maji, kamba ya nguo, na kuku. Profesa, aliyekuwa hajaulizwa lolote na yeyote, alisikia kila neno kama sisi. Hakunyanyua hata kichwa. Aliendelea kutueleza tofauti ya ukweli na maoni.

Nilimgusa karani mguu. Yeye alikuwa anaandika.

Tukiteremka, karani akaja na suluhisho lake. Alisema kwa upole wake ule ule kwamba tunaweza kugeuza fishi ishirini, tuweke "wote wawili" hapa na pale, na chache za "mke," profesa ataridhika. Alikuwa hata na blanko mkobani, ile dawa nyeupe ya kufutia wino. Akaomba tukutane Jumamosi asubuhi tuifanye kazi hiyo. Na mimi nikasikia mdomo wangu unasema: "Ngoja kwanza nimuulize mume wangu."

Mume wangu alikuwa Uvira. Simu yake ilikuwa haipatikani tangu juzi, na sikuwa na mpango wowote wa kumuuliza kitu. Nilitaka tu kumkatalia karani bila kumkatalia. Nilisimama katikati ya njia na mfuko wangu wa plastiki. Nilikuwa mtu wa sitini na moja.

Ningependa kusema kwamba pale pale nikawa mtu mwema. Sikuwa. Jumamosi nilikwenda, tukakaa kwenye meza ya karani, na mkono wangu mwenyewe uligeuza fishi nne. Ya nne ilikuwa ya yule dada wa vitenge. Nilipaka blanko juu ya "mume," nikaweka alama kwenye "mke," na badala ya kuona aibu nikaona hasira mpya: jibu jipya lilikuwa kweli kuliko la zamani, na mimi ndiye niliyelifanya kuwa uongo. Nilifunga chupa. Nikamwambia karani tuna siku nane na tutauliza upya. Akauliza tutauliza nini, wakati wameshajibu. Nikamwambia tuache kuuliza nani anaamua. Tuchague kitu kimoja kilichopo ndani ya nyumba, friji, mashine ya kushonea, mabati ya paa, tuulize kimefikaje hapo, nani alisema nini kwanza, halafu nani, halafu ikawaje. Alitazama kalamu zake nne kwa huzuni, lakini alikubali. Nampa heshima yake kwa hilo. Akazirudia nyumba zake thelathini kwa miguu, akiwa na viatu vya ofisini.

Mimi niliacha ubao na fishi nyumbani. Nilikwenda na mikono mitupu, nikawakuta wanachambua mchele, nikachambua nao. Kwa dada wa vitenge niliuliza tu kiwanja cha Kajaga kinaendeleaje. Alisema yote, kuanzia dalali mpaka namna alivyomfundisha mume wake la kusema mbele ya shemeji. Nikamuuliza mbona mara ya kwanza aliniambia mzee ndiye anayeamua.

"Si anaamua?" akasema. "Mi nafanya, yeye anaamua. Mutu akija kuniomba ile kiwanja, nitamukatalia na jina ya nani?"

Hapo ndipo nilipoelewa kilichokuwa mbele yangu tangu mwanzo. Kwetu hakuna anayekataa kwa jina lake. Jambo gumu linasemwa kwa jina la mtu ambaye hayupo chumbani, na huyo mtu, akiwa na adabu, analibeba. Hata Musaga kwa profesa, hata Kanyosha, hata kwangu. Niliandika haraka, siku baada ya siku, nikirudi nyumbani mchana kujaza kila nilichosikia kabla hakijapoa. Kwa mara ya kwanza katika miaka minne nilikuwa nafurahia masomo, jambo lililonishangaza.

Nilimwacha mama mpaka mwisho, siku ya nane.

Alikuwa jikoni, anachekecha unga wa chapati anazopeleka hotelini. Nilikaa kwenye kibao. Nilikuwa nimepanga kumuuliza habari ya mashine yake ya kushonea, kitu chepesi, nijaze fishi ya sitini nikapumzike. Akanitangulia.

"Kuna ile karatasi ya mbele," akasema. "Ile yenye ulinisomea. Uitoe."

Nikauliza kwa nini. Akaendelea kuchekecha, unga ukianguka kwenye sinia.

"Mambo ya shule yako. Hakusema baba yako. Ni mi."

Nilidhani anamtetea marehemu, kama anavyofanya siku zote. Lakini aliweka chekecheo chini na kunieleza, bila kupandisha sauti, na sikupata nafasi ya kumkatiza. Bibi alikuwa mama yake yeye, si wa baba. Baba alitaka watafute msichana wa kumhudumia bibi, alikuwa tayari kufanya kazi hata Jumapili ili wamlipe. Mama hakutaka mtu wa nje amwone mama yake akiwa uchi na amejichafua. Walibishana siku mbili, mlango umefungwa, nikiwa darasani. Siku ya tatu mama akasikia nimerudi kutoka shule, nimesimama mlangoni na mkoba wangu, na akaogopa kwamba nikimuuliza atashindwa. Basi akasema ni baba.

"Baba alikuwa ameshakubali?" nikauliza.

"Alikuwa hajajua. Alijua kwako."

Nilikuwa nimekwenda gereji, nikasimama mbele ya miguu ya baba, nikamlilia kwa nini ameamua hivi, nikamwita mtu asiye na moyo mbele ya wenzake. Na yeye, chini ya gari, ndipo alipokuwa anasikia kwa mara ya kwanza alichokuwa ameamua.

Nikauliza jioni ile alisema nini. Mama akasema alinawa, akakaa, akamwambia, umeniweka pabaya, kisha akala. Hawakulizungumza tena. Nikauliza mbona hakuniambia, miaka sita yote, mbona hakuniambia hata neno.

"Aniangushe mbele ya mutoto?" akasema mama. "Hakukuwa mutu ya hivyo." Kisha akasema lile ambalo mpaka leo sijui niliweke wapi. "Na zile gazeti. Hakuna mutu alikuwa anaziacha mu gari. Alikuwa anaomba. Kila gari yenye inaingia, anauliza mwenyewe, hauna kitu ya kusoma, niko na mutoto anapenda kusoma."

Nilimkasirikia mama. Nasema wazi, nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia baba, na nilikuwa na haki. Nilitoka bila kunywa chai yake, jambo ambalo kwetu ni sawa na kumpiga mlango usoni. Njiani nilikuwa nayaona yale majarida juu ya friji, moja moja, na mikono yangu inachana. Kulikuwa na moja lenye picha ya ndege wa ziwani kwenye jalada, jipya kabisa. Nilikuwa nimejiuliza hata siku ile ni mteja gani anayetupa kitu kipya hivyo, na bado nikaliwasha.

Nyumbani nilikaa na fishi ya sitini mbele yangu. Masomo ya watoto, nani aliamua? Mume, mke, wote wawili. Nilitia alama kwenye "mke," na hiyo ilikuwa kweli, na bado haikutosha. Profesa hakuwa ametengeneza kisanduku cha mtu aliyekataa, akashindwa, akabeba lawama isiyo yake kwa miaka sita, na kila jioni akaomba magazeti. Niliandika kando ya ukurasa kwa herufi ndogo. Karani alipoiona aliniuliza kama hiyo nayo ni takwimu. Nikamwambia aiache.

Siku ya kumi asubuhi profesa alisoma, akakohoa, akasema mbinu hii haiko kwenye mpango wa utafiti aliousaini, kisha akasaini. Hakusema neno kuhusu ukurasa tulioeleza jinsi wake wanavyokataa maombi kwa jina la waume ambao hawajaulizwa. Nadhani alijitambua. Au labda hakujitambua hata kidogo, kwa kweli ndivyo ninavyoamini.

Ukabaki ukurasa wa mbele. Nilikuwa nimeshaufuta na kuandika mwingine: kwa mama yangu, na kwa baba yangu, fundi wa magari. Sekretarieti ilikuwa inafunga saa kumi. Nilipitia kwa mama nikiwa na karatasi mkononi, siku mbili tulikuwa hatujaongea, nikasimama mlangoni mwa jiko, pale pale niliposimama na mkoba wangu wa shule, nikamsomea kwa Kiswahili.

Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema baba awe wa kwanza.

Bado nilikuwa na hasira. Nikamuuliza, na niliuliza kwa ubaya, kama ni baba amesema.

Mama akajipangusa unga mikononi. "Apana," akasema. "Baba yako alikufa. Ni mi nimesema. Umuweke mbele."

Ilikuwa yapata saa tisa. Nikakunywa chai yake nikiwa nimesimama, nikaenda kubadilisha ukurasa.